Sababu ya Kuondoa Ufunguo

Maji ya kituo cha sita hayakugeuka rangi.

Nilitumbukiza kidonge kwenye kichupa, nikafunga kifuniko, nikatikisa, nikasubiri dakika nzima huku nikiitazama saa ya mkononi. Maji yenye klorini hugeuka ya waridi, na kadiri klorini ilivyo nyingi ndivyo waridi inavyokolea. Haya yalibaki vilevile nilivyoyachota bombani. Nikamwaga, nikachota mengine, nikatumbukiza kidonge cha pili. Hakuna kitu. Na pale ukutani, ndani ya kabati la chuma, skrini ya kompyuta ilikuwa imetulia ikisema klorini ni sufuri nukta sita, kipimo ambacho meneja yeyote angelala nacho usingizi mnono.

"Labda vidonge vyako vimelala," mlinzi alisema kutoka mlangoni.

"Ni hivihivi nimevitumia kituo cha tano asubuhi hii. Vimegeuza vizuri tu."

"Basi muulize huyo kabatini. Yeye ndiye anayesema klorini ipo."

Mlinzi wa kituo cha sita ni mtu mzima. Anakaa kwenye kiti cha plastiki kilichovunjika mguu mmoja na kufungwa gongo, na wiki nyingine hapati mtu wa kusema naye ila mimi. Mimi pia, nikisema kweli, kuna wiki ambazo hakuna aliyenitania ila yeye.

Nikapanda ngazi ya tangi la klorini nikafunua mfuniko. Pakavu. Chini kabisa palikuwa na ukoko mweupe, umepasuka kama udongo wa kiangazi.

Nikashuka, nikampigia mwendesha mtambo alete klorini mara moja, nikampigia meneja ili watu wa upande huo watangaziwe wachemshe maji ya kunywa. Meneja aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Kisha nikavuta kiti cha mlinzi mwenyewe, nikakaa mbele ya kabati, nikaanza kutafuta ni nani aliyeifundisha mashine yangu kudanganya.

Idara yetu ya maji ina vituo kumi na kimoja vya kusukuma maji. Kila kimoja ni chumba cha matofali, pampu mbili, tangi la klorini na kompyuta moja. Kompyuta zote kumi na moja ni zangu, sina msaidizi. Kabla yangu zilikuwa za Baba Mdogo kwa miaka ishirini na miwili, na kazini walimwita Profesa, ingawa shule yake na yangu ni zilezile, stashahada.

Ndani ya kila kompyuta kuna kadi inayosoma klorini. Ili kadi isikike, inahitaji programu ndogo iingie kwenye kiini, yaani sehemu ya mfumo inayoamrisha vingine vyote. Programu hiyo tunaiita moduli. Sasa, kiini hakipokei moduli ya mtu yeyote tu. Kabla chenyewe hakijaamka, huwa imeshaamka programu nyingine iliyochomwa kwenye ubao wa mashine, na hiyo ndiyo yenye orodha ya funguo zinazoaminika. Inakikabidhi kiini orodha, halafu inakaa pembeni. Moduli ikija, kiini kinaitazama sahihi yake. Sahihi ikiwa imetiwa kwa ufunguo ulio kwenye orodha, karibu ndani. Kama sivyo, inabaki nje hata ikilia.

Kadi zetu zilikuja bila moduli ya kutufaa. Baba Mdogo akaandika yake mwenyewe, akaitia sahihi kwa ufunguo wake, akazunguka vituo vyote kuuandikisha ufunguo huo. Na jambo hilo halifanyiki kwa mbali. Ni lazima mtu awe amesimama mbele ya mashine inapowaka. Inatokea skrini ya bluu, inahesabu sekunde kumi, na usipobonyeza kitufe inaendelea na safari yake kana kwamba hukuomba kitu.

"Inataka mwili," Baba Mdogo alikuwa akiniambia. "Ujumbe haitaki, simu haitaki. Inataka uende ukasimame pale."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja aliponieleza hayo kwa mara ya kwanza. Wazazi wangu walikuwa wamefariki mwaka uliotangulia, na yeye na Mama Mdogo walikuwa wamenichukua, wakanipa chumba chenye dirisha la kuangalia ukuta. Aliniita Msumari. Alisema nikishaingia mahali, mtu hawezi kunitoa bila kuharibu ubao. Enzi zile alikuwa akisema hivyo kwa fahari.

Moduli niliyoikuta kituo cha sita ilikuwa na jina la moduli yetu, lakini ukubwa wake haukufika hata nusu. Nikaifungua. Kazi yake ilikuwa moja: ikiulizwa klorini ni kiasi gani, ijibu sufuri nukta sita. Asubuhi, mchana, tangi limejaa, tangi limekauka, jibu ni hilo. Nikaitazama sahihi. Ilikuwa sahihi ya Baba Mdogo.

Nikatazama tarehe. Ilikuwa Jumanne ya wiki tatu nyuma, saa nne na robo asubuhi. Na saa nne na robo ya Jumanne ile Baba Mdogo alikuwa amelala kwenye chumba cha upasuaji, jicho lake la kulia likitolewa mtoto wa jicho, na mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi la nje na Mama Mdogo, tukila njugu kutoka mfuko mmoja.

Ufunguo wowote wa namna hii una pande mbili. Upande wa kukagulia unaruhusiwa kuonekana na dunia nzima. Upande wa kutilia sahihi unatakiwa ukae na mwenyewe, mahali pa siri, umefungwa kwa nenosiri. Nusu saa baadaye niliukuta upande wa kutilia sahihi ukiwa mlemle ndani ya mashine, kwenye folda ya wazi, bila nenosiri lolote. Pembeni yake palikuwa na maagizo mafupi ya mistari tisa: kila faili litakalowekwa humu, lijengwe, litiwe sahihi, lipakiwe.

Nilielewa papo hapo kwa nini alifanya hivyo. Kila mfumo unaposasishwa, kiini hubadilika, na moduli hudai kujengwa upya na kutiwa sahihi upya. Vituo kumi na kimoja, magoti yanauma, miaka miwili kabla ya kustaafu. Basi akaacha muhuri na wino juu ya kaunta na kwenda zake.

Na nyuma ya mlango wa kabati, mahali ambapo nimepaona mara mia bila kupasoma, palikuwa na karatasi imebandikwa kwa gundi, mwandiko wake wa herufi kubwa: WEKA FAILI KWENYE FOLDA. WASHA UPYA. ONDOKA.

Nikampigia fundi aliyebadilisha pampu ya klorini wiki tatu zilizopita. Ni fundi wa mkandarasi, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, sauti yake daima ina kelele za mtoto kwa nyuma.

"Dada, king'ora cha klorini kilikuwa hakinyamazi," alisema. "Nafungua pampu, kinalia. Nafunga, kinalia. Rafiki yangu akaniandikia kile kifaili cha kukituliza, nikafuata karatasi ya mzee. Nilikusudia kukitoa nikimaliza."

"Ukasahau."

"Nikasahau. Kwani kuna nini?"

"Tangi limekauka na king'ora hakikulia."

Mtoto akanyamaza, kama aliyeshikwa mdomo.

"Lakini sikughushi kitu, dada," alisema baadaye. "Sijui hata hiyo sahihi inatiwaje. Niliweka, mashine ikatia yenyewe."

Nilimwamini. Karatasi ilikuwa mbele ya macho yangu.

Jioni nilikwenda nyumbani kwa Baba Mdogo. Mama Mdogo alikuwa sebuleni, anapiga pasi suti ya kijivu juu ya meza ya kulia chakula. Ijumaa ya wiki hiyo idara ilikuwa imepanga kukiita chumba cha mafunzo kwa jina la Baba Mdogo. Kibao kilikuwa kimeshachongwa. Shangazi na wanawe walikuwa wameshakata tiketi.

"Umekonda," Mama Mdogo aliniambia.

"Nimekonda tangu Jumapili?"

"Mtu anaweza kukonda siku moja akiwa hana wa kumuuliza amekula nini."

Baba Mdogo alikuwa amekaa dirishani, jicho moja chini ya miwani myeusi. Nikampa mambo yote kama yalivyo: vidonge, tangi, moduli, tarehe, folda. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo la kwanza ambalo mtu wa kazi angeuliza.

"Umeshauondoa ufunguo?"

"Kesho. Natengeneza mpya, naandikisha, nauondoa wa zamani vituo vyote."

"Vizuri. Na upande wa sahihi utauweka wapi?"

"Nje ya vituo. Kwenye mashine yangu, chini ya nenosiri."

"Vizuri," alisema tena. Akasugua goti. "Fomu utaijazaje?"

Kuna fomu. Ukiondoa ufunguo kwenye orodha ya kuaminika lazima uandike sababu, fomu isainiwe na meneja, nakala ibaki kwenye jalada.

"Nitaandika kilichotokea."

"Andika ufunguo umechakaa."

"Ufunguo hauchakai, Baba Mdogo. Si kitasa."

"Meneja anajua hauchakai? Meneja hajui kuwasha hata kompyuta yake mwenyewe." Alijaribu kucheka. "Umechakaa, umebadilishwa, basi. Nani amedanganywa?"

"Na fundi?"

"Fundi kafanya nini?"

"Ikisomeka kwamba ufunguo ulichakaa tu, basi moduli ya uongo yenye sahihi yako ilitoka wapi? Watasema fundi alighushi. Watampeleka polisi. Maji ya kituo cha sita yanakwenda moja kwa moja zahanati ya kule chini, Baba Mdogo. Yamekwenda siku tisa bila klorini. Nimepiga simu pale. Wana watoto kumi na wanane wanaoharisha."

Pasi ilikuwa imesimama. Mama Mdogo alikuwa ameishika juu ya suti, haigusi kitambaa.

"Watoto wanaharisha kila siku," alisema Baba Mdogo, na nadhani aliona aibu hata kabla hajamaliza kulisema, kwa sababu aligeukia dirishani. "Baada ya Ijumaa," alikiambia kioo. "Uandike unachotaka, lakini baada ya Ijumaa. Miaka ishirini na miwili, Msumari. Kibao kimoja. Siku moja ya watu kunipigia makofi. Unashindwa kusubiri siku nne?"

"Fundi ameitwa kesho saa nne."

"Kwa hiyo fundi ni ndugu yako kuliko mimi."

Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa refu na lote lilikuwa la kumpenda, na yeye hakuwa ameuliza hilo.

Mama Mdogo alinisindikiza hadi mlangoni. Hakuniuliza nimekula nini.

Kesho yake asubuhi niliketi na fomu. Kisanduku cha sababu kina mistari mitatu. Niliandika: Upande wa kutilia sahihi uliachwa ndani ya mashine bila nenosiri na msimamizi aliyepita, pamoja na maagizo ya kuutumia. Fundi alifuata maagizo hayo. Mimi nilipokea vituo bila kuvikagua. Sentensi ya mwisho ilikuwa ya kweli kama ya kwanza, na hakuna aliyeniomba niiandike.

Meneja aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi, akaisoma tena.

"Hii ukiiweka, Ijumaa haipo," alisema. "Unalijua hilo?"

"Najua."

"Na wewe unapata barua ya onyo."

"Sawa."

"Huyu si baba yako mdogo?"

"Ndiye."

Akanitazama kama mtu anayetazama gari lililoegeshwa vibaya, akasaini. Fundi alipewa karipio na kurudishwa kazini. Alinitumia ujumbe wa shukrani wenye picha ya mtoto amelala. Niliutazama ule ujumbe mara nyingi kuliko ilivyopasa, kwa sababu simu yangu haikuwa na ujumbe mwingine. Kundi letu la ukoo, ambalo kila siku hulia kama banda la kuku, lilikuwa kimya. Jumatano saa sita niligundua kwa nini. Lilikuwa halijanyamaza. Nilikuwa nimeondolewa.

Nikaanza safari ya vituo. Ile skrini ya bluu haitaki haraka wala haitaki kuchelewa. Unawasha mashine, unasimama, unasubiri. Sekunde kumi zinaanza kuhesabiwa kurudi nyuma, unabonyeza. Unaandikisha ufunguo mpya, unaandika nenosiri. Unauchagua wa zamani, na hapo jina la mwenyewe linatokea lote, la kwake, la babu na la ukoo, jina ambalo nusu yake ni langu. Mashine inauliza: uondolewe? Ndiyo. Mwenye kuomba ana hakika? Ndiyo. Kisha inawaka upya, na ile moduli yake, iliyofanya kazi bila kosa miaka kumi na minane, inabisha hodi na kiini kinaandika kwamba ufunguo umekataliwa. Naipakia moduli ileile, mistari ileile aliyoiandika yeye, chini ya sahihi yangu. Inaingia.

Nilifanya hivyo mara tatu Jumatano, mara nne Alhamisi. Chakula nilikula nimesimama, mkono mmoja kwenye kibodi. Usiku nilifika chumbani kwangu nikalala na viatu. Kituo cha sita mlinzi alinichungulia.

"Leo hunitanii," alisema.

"Nimechoka."

"Mimi nimefiwa na mke miaka sita, na nikichoka natania zaidi. Kaa. Kiti hakitaanguka, nimeongeza kamba."

Nikakaa. Alinimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake, nikainywa, nikaenda.

Ijumaa, saa ambayo Baba Mdogo angekuwa amevaa suti ya kijivu, nilikuwa kituo cha kumi. Nilipima maji ingawa hayakuhitaji kupimwa, ili nione tu kitu kikigeuka waridi.

Cha kumi na moja kiko mbali kuliko vyote, juu ya kilima, hakina hata mlinzi. Nilifika Jumamosi saa tano asubuhi. Nikafungua kabati, nikawasha mashine, na skrini ya bluu ilipotokea tu, simu ikalia. Mama Mdogo. Kumi, tisa, nane. Nikaipokea kwa mkono wa kushoto, nikabonyeza kitufe kwa mkono wa kulia.

"Mwanangu," alisema. Nilikuwa sijasikia sauti yake tangu Jumatatu. "Hajala vizuri tangu juzi. Shangazi yako ameondoka leo alfajiri bila kuaga. Kibao wamekiweka stoo."

"Pole, Mama Mdogo."

"Pole zako sizitaki mimi. Mwombe yeye radhi. Neno moja. Sikwambii ufute ulichoandika, mimi si mjinga, najua watoto wale ni watoto wa watu. Sema tu neno, Jumapili uje ule, tuanze upya. Chumba chako nimekifagia."

Kile chenye dirisha la kuangalia ukuta.

"Mpe simu," nilisema.

Nilisikia hatua zake za slipa, mlango, maneno ya chini chini. Mbele yangu mashine ilikuwa inasubiri nenosiri. Haihesabu tena ukishaingia hapo. Inakusubiri hadi jua lizame.

"Msumari," alisema Baba Mdogo.

"Abee."

"Uko wapi?"

"Cha kumi na moja."

"Cha mwisho."

"Ndiyo, cha mwisho."

Alipumua. "Kibodi ya hapo kitufe cha nane kinanata. Kibonyeze kwa nguvu, ukiachie taratibu, la sivyo kitaandika mara mbili na nenosiri litakataa."

Nikabonyeza kwa nguvu, nikaachia taratibu. Nenosiri likakubali. Ufunguo wangu ukaingia kwenye orodha. Nikashuka hadi kwenye wa zamani, na jina lake likatokea lote mbele yangu.

"Limetokea?" aliuliza.

"Limetokea."

Nilisikia redio ya jirani yake, nikasikia Mama Mdogo akiburuta kiti. Alikuwa ameketi karibu, nadhani, ili asikie nami nitasemaje.

"Ondoa," alisema.

Ndiyo. Ndiyo tena. Mashine ikazima, ikaanza kuwaka upya, na kwa muda skrini ilikuwa nyeusi nikajiona humo, nina simu sikioni kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Sasa, mwanangu," alisema Baba Mdogo, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka anayenyoosha mkono. "Mama yako Mdogo amesema una neno la kuniambia."

"Ninayo mengi, Baba Mdogo. Hilo silo."

"Hulisemi."

"Silisemi. Siombi radhi."